Kisoma Skrini: Maana ya Neno na Kazi ya Kuandika Ujumbe

Kisoma skrini ni programu ya simu au kompyuta inayotamka yaliyomo kwenye skrini, ili mtu asiyeona au mwenye uoni hafifu aendeshe chombo chake kwa kusikiliza. Programu hiyo hupokea amri pia: mtumiaji huielekeza kwa kidole au kwa kitufe isome nini, ianzie wapi na inyamaze lini. Kwenye simu nyingi za Android huitwa TalkBack, na kwenye iPhone huitwa VoiceOver. Kwa kawaida huwa tayari ndani ya simu tangu inaponunuliwa, imelala tu mpaka mwenye simu aiamshe.

Jina lenyewe limeundwa kwa njia ya zamani katika Kiswahili. Tunachukua ki- ya vitu, tunaiweka mbele ya kitenzi, kisha tunataja kinachotendwa: kipaza sauti, kizima moto, kipima joto, kinasa sauti. Hivyo kisoma skrini hiki, visoma skrini hivi. Wapo wanaosema kisomaji skrini, nao wanaeleweka, ingawa silabi ya ziada haiongezi maana. Lisilofaa ni msomaji wa skrini. M- ni ya watu, na msomaji hapa ni mtu mwenyewe aliyeshika simu. Zamani bibi aliyepokea barua kutoka kwa mwanawe wa mjini alimwita mtoto wa shule amsomee. Mtoto alisoma, na siri ya bibi akabaki nayo. Kisoma skrini kimekuja kumwondoa mtoto huyo katikati. Ndiyo maana kinastahili ki- yake.

Nusu ya pili ya jina ndiyo yenye mjadala. Mitaani skrini ya simu huitwa kioo: kioo kimepasuka, kioo kinauzwa bei gani. Nchini Kenya vitabu na magazeti hutumia pia kiwambo, neno linalotokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma. Yote mawili ni mazuri mahali pake. Lakini kioo ni kile kinachopasuka, na kiwambo hakijaenea sawasawa pande zote za Uswahilini. Skrini inaeleweka Mombasa, Dodoma na Bujumbura, na ndiyo ninayoishika.

Hata hivyo, neno skrini linaweza kumpotosha mtu asiyejua ufundi wa ndani. Kisoma skrini hakitazami kioo cha simu kama jicho litazamavyo. Kuelewa jambo hili kunahitaji kurudi nyuma kidogo.

Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya IBM ilitoa programu iliyoitwa Screen Reader, iliyobuniwa na mtafiti wake Jim Thatcher akishirikiana na Jesse Wright, mtafiti mwenzake aliyekuwa haoni. Kompyuta za mfumo wa DOS siku hizo zilionyesha maandishi matupu, mistari 25, kila mstari herufi 80. Kila herufi iliyoonekana ilikuwa na nafasi yake maalumu katika kumbukumbu ya mashine. Programu ilikwenda kwenye nafasi hizo, ikazichukua herufi kwa mpangilio wake na kuzipeleka kwenye chombo cha sauti. Wakati huo jina lilikuwa kweli tupu: skrini ilisomwa herufi kwa herufi.

Ilipokuja mifumo ya picha, kama Windows, herufi ziligeuka kuwa nukta za rangi zilizochorwa. Hapakuwa tena na orodha ya herufi ya kuchungulia. Hatimaye ilibidi kila programu iseme yenyewe ina nini: hiki ni kitufe, jina lake Tuma, hili ni sanduku la kuandikia, halina kitu, hiki ni kisanduku cha kuteua, kimewekewa alama. Maelezo haya hayaonekani kwa macho. Mwenye kuunda programu huyaweka chini ya picha, na kisoma skrini huyachukua hapo na kuyatamka. Muundaji akisahau kukipa kitufe jina, anayeona atauona mchoro wa ndege ya karatasi na kujua ndipo pa kutumia ujumbe. Asiyeona atasikia tu kwamba hapa kuna kitufe kisicho na lebo, na kazi itakwama hapo.

Kwa hiyo kisoma skrini husoma kile ambacho watu wamekiandika kwa ajili yake. Palipoandikwa vizuri, kinasoma vizuri. Mengi yanayolaumiwa juu ya simu au juu ya mtumiaji asiyeona yanatokana na maelezo ambayo mtu fulani hakuyaandika.

Jambo hili huonekana wazi zaidi mtu anapojifunza kuandika ujumbe mfupi, ule ambao wengine huuita meseji na shule za Kenya zikauita arafa.

Kwenye simu za vitufe kazi ilikuwa ya vidole. Kitufe cha 5 kina nundu ndogo, na kutoka hapo kidole kinajua njia: 2 iko juu yake, 8 chini. Ili kupata herufi c unabonyeza 2 mara tatu. Simu za Nokia zilizotumia mfumo wa Symbian ziliweza kuongezewa programu kama Talks au Mobile Speak, ambazo zilitamka kila herufi. Lakini programu hizo zilinunuliwa kando na simu. Wengi walijua kuandika kwa vitufe, lakini kusoma majibu kuliwashinda. Taarifa ya mshahara, neno la mchumba, majibu ya hospitali, vyote vilipitia macho ya jirani.

Simu ya kioo kitupu ilipotoka, ilionekana kama mlango umefungwa kabisa, kwa kuwa hakuna nundu wala kitufe cha kupapasa. Mwaka 2009 iPhone 3GS ilitoka ikiwa na VoiceOver ndani yake, na mwaka huohuo Android nayo ikapata TalkBack. Mbinu iliyofungua mlango ni nyepesi kuieleza: kugusa kukatenganishwa na kufungua. Ukigusa mara moja, simu inakuambia kilichopo chini ya kidole bila kufanya lolote. Ukigonga mara mbili popote kwenye kioo, kile kilichotajwa mwisho ndicho kinachofunguka. Ukitelezesha kidole kulia, unakwenda kwenye kitu kinachofuata. Ukitelezesha kushoto, unarudi. Kupandisha au kushusha ukurasa kunahitaji vidole viwili kwenye Android na vitatu kwenye iPhone. Mwanafunzi akizishika hatua hizi, ameshika nusu ya somo.

Nusu nyingine ni kibodi. Tuseme mtu anataka kuandika: Nimefika Chalinze, mnipokee saa kumi. Anaburuta kidole juu ya herufi huku simu ikizitaja. Akisikia n, ananyanyua kidole na herufi inaandikwa. Au, ikiwa simu imepangwa hivyo, anagonga mara mbili. Hapa Kiswahili kina mtego wake. N na m zimekaa jirani kwenye kibodi, na kwa sikio zinafanana, nazo ndizo zinazobeba nafsi: nipokee si mpokee, nimefika si mmefika. Dawa yake ni kutulia juu ya herufi. Kisoma skrini huongeza neno la kuitambulisha: November kwa n, Mike kwa m, kama wafanyavyo marubani. Maneno hayo ni ya kigeni, lakini yanaondoa shaka. Mtego mwingine ni ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo. Mara nyingi imefichwa kwenye ukurasa wa alama, na anayejifunza hushawishika kuiacha. Asiiache, kwa kuwa bila ritifaa sauti ya simu inaweza kutamka neno jingine.

Baada ya kuandika huja kuhakiki, hatua ambayo wanaoona huiruka na wasioona hawawezi kuiruka. Kusikiliza ujumbe mzima hakutoshi. Kwa sauti, kwa hiyo na kwahiyo ni kitu kimoja. Nafasi iliyosahaulika haisikiki. Kwa hiyo mtumiaji hubadilisha kipimo cha usomaji: mstari kwa mstari, kisha neno kwa neno, na penye shaka herufi kwa herufi. Vilevile ni busara kuzima masahihisho yanayojiendesha, hasa kibodi ikiwa ya Kiingereza, kwa kuwa hubadilisha neno la Kiswahili kimyakimya mwandishi akiwa ameshapita.

Kwa aliyesoma shule zenye mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, maandishi ya wasioona, ipo njia ya mkato: kupiga nukta nundu kwenye simu. VoiceOver iliruhusu kuandika kwa nukta nundu juu ya kioo mwaka 2014, na TalkBack ikafuata mwaka 2020. Simu hushikwa kwa upana, kioo kikitazama nje, vidole vitatu vya kila mkono vikakaa mahali pa nukta sita, na herufi hupigwa kama kwenye mashine. Aliyezoea Perkins huiona njia hii kuwa ya kasi kuliko kusaka herufi moja moja. Kuna pia kuamuru kwa sauti, simu ikaandika unachosema; kibodi ya Google ilianza kupokea Kiswahili kwa njia hiyo mwaka 2017. Inafaa chumbani. Ndani ya daladala, neno la siri au namba ya akaunti halisemwi kwa sauti.

Wapo wanaouliza: kwa nini hangaiko lote hili, si mtu atume sauti iliyorekodiwa? Sauti ni nzuri kwa salamu. Lakini anwani, jina la mgonjwa, kiasi cha fedha na namba ya kumbukumbu vinahitaji kuandikwa ili vitafutwe na kunakiliwa. Ombi la kazi halitumwi kwa sauti. Na mpokeaji aliye kikaoni au mahakamani anaweza kusoma mstari mmoja, lakini hawezi kusikiliza dakika mbili.

Sasa tufike kwenye sauti ya kisoma skrini. Kisoma skrini huchagua maneno ya kutamka. Kuyatamka ni kazi ya programu nyingine, injini ya sauti, ambayo huunda sauti sanisi kutokana na maandishi. Injini ikiwa ya Kiingereza, pole hugeuka kuwa poul, wake inakuwa weik, na mji wa Same unakuwa seim. Mtumiaji mzoefu hujifunza kutafsiri upya kichwani, na huo ni mzigo asiostahili kuubeba. Kiswahili ni rahisi kwa mashine kuliko Kiingereza: herufi husomwa kama zilivyo, na mkazo karibu siku zote uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Injini ya eSpeak, inayotolewa bure, ina Kiswahili. Injini ya Google kwenye Android nayo inacho. Hatua ya kwanza kwa anayemfundisha mwenzake ni kwenda kwenye mipangilio na kuweka sauti hiyo kabla ya somo lolote.

Sauti ya Kiswahili nayo hushindwa na namna yetu ya kuandika. Aliyeandika 2taonana alitaka tutaonana. Simu inasema mbili taonana. Xaxa haisikiki kama sasa, na cjui haisikiki kama sijui. Vifupisho hivi vilizaliwa wakati ujumbe mmoja ulikuwa na nafasi ya herufi 160 na kila ujumbe ulilipiwa. Leo wengi wetu tunaandikiana WhatsApp, na ubahili huo hauokoi kitu. Emoji husomwa kwa majina yake, moja baada ya nyingine. Nyuso kumi za kucheka ni maelezo kumi ambayo msikilizaji lazima ayapitie kabla ya kufika kwenye habari.

Kibaya zaidi ni picha za maandishi. Bango la harusi, ratiba ya mazishi, tangazo la mkutano wa kijiji, vyote hupigwa picha na kutumwa kwenye kundi. Kwa kisoma skrini, mara nyingi hiyo ni picha tu. Menyu za huduma za fedha zinazofungwa muda ukipita nazo humkata mtu kabla sauti haijafika kwenye chaguo la mwisho.

Vikwazo hivi vinagusa haki: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, unazitaka nchi kuhakikisha habari na mawasiliano vinafikiwa na wote. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Kiswahili kimeshaunda neno la haki hiyo, ufikivu, na simu za Android zinalitumia kwenye mipangilio yake ya Kiswahili.

Basi neno letu libaki kisoma skrini, maneno mawili, ngeli ya ki-vi. Lakini tulitumie tukijua kwamba usomaji wa chombo hiki hauwezi kuuzidi uandishi wetu. Muundaji wa programu akipe kila kitufe jina, na kwa Kiswahili. Mwalimu aweke sauti ya Kiswahili kabla ya kufundisha kibodi. Na wewe msomaji, ukituma bango la harusi au tangazo la msiba, andika chini yake siku, mahali na namba ya kupelekea mchango.