Gereza na Zizi

Wamasai wa Soitsambu, iliyomo katika nchi ya Loliondo, zamani hawakujua gereza. Aliyemwua mtu alidaiwa ng'ombe 49, na ukoo wake wote ulichanga. Deni likiisha, na uadui umekwisha. Wadachi wakaleta mnyororo na kiboko. Kisha, katika enzi ya Waingereza, mwaka 1931, Idara ya Magereza ilitengwa na Polisi, ikawa na wakuu wake na askari wake. Tangu hapo mfungwa huandikwa daftarini, hupewa kazi, na akiwa na mwenendo mwema huweza kupunguziwa kifungo. Gereza hutulinda na mtu wa hatari, wala hatulidharau. Lakini halimlishi mjane. Ng'ombe wa fidia walimlisha. Mwaka 2002 ikatungwa sheria ili mwenye kosa dogo autumikie umma badala ya kufungwa. Hapo twaona serikali ikiikaribia hekima ya zizini.