Soda, Sarafu na Mashine Isiyojua Daftari

Kuanzia 1886 hadi miaka ya 1950, Coca-Cola nchini Marekani iliuzwa senti tano. Sababu mojawapo ya bei hiyo kung'ang'ania ilikuwa mashine. Mashine nyingi za kuuzia soda zilijua kupokea sarafu moja tu, ya senti tano, na iliyofuata ilikuwa ya kumi. Mwaka 1953 Robert Woodruff, kigogo wa kampuni hiyo, alimwomba Rais Eisenhower serikali itengeneze sarafu ya senti saba na nusu. Hakupewa.

Soda hiyo ilifika Kenya 1948, lakini mashine yake haikushika mizizi katika nyanda za chai za Kericho na Bomet. Wengi watasema ni kukosa umeme. Mimi nadhani ni daftari. Mchuma chai alilipwa mwisho wa mwezi. Katikati ya mwezi alikula kwa mkopo, na mwenye duka akaandika. Chupa nayo ilikuwa deni: ukiondoka nayo unaacha pesa ya chupa, la sivyo unakunywa papo hapo umesimama. Mashine haijui "niandikie, nitalipa mwisho wa mwezi."

Halafu kuna sarafu zenyewe. Wazee bado wanakumbuka ndururu ya senti tano yenye tundu katikati, peni ya senti kumi, na sumuni. Hili la mwisho ni thumuni ya Kiarabu, yaani moja ya nane, ingawa kwetu ni nusu shilingi! Mwaka 1966 Kenya ilitoa sarafu zake zisizo na tundu. 2018 zikaja za wanyama.

Kwa hiyo anayetaka kufufua mashine kuukuu ya Vendo sebuleni kwake Litein au Sotik ana kibarua. Umeme wa Marekani ni volti 115, wetu 240, basi lazima apate transfoma. Gesi ya friji za zamani, R-12, ilipigwa marufuku chini ya Mkataba wa Montreal, hivyo fundi atalazimika kutumia nyingine. Gumu zaidi ni koo la mashine. Sarafu huteremka kwenye mfereji ikipimwa upana, unene na uzito, na sumaku hunasa vipande vya chuma vya walaghai. Sasa, shilingi yetu ya leo ni chuma kilichopakwa nikeli. Sumaku itainasa kama feki! Fundi hana budi kuiondoa sumaku hiyo na kuufundisha upya mfereji wote.

Akimaliza, ataiitaje? Wanaleksikografia watampa "mashine ya kuuzia vinywaji." Majirani watasema ATM ya soda, kama wanavyosema ATM ya maziwa. Wenzangu hulikasirikia jina hili, eti haitoi pesa. Mimi nalitetea. Mashine ya kwanza ambayo wengi wetu waliiona ikimtolea mtu kitu bila muuzaji ilikuwa ya benki, na jina likahamia kwa ndugu zake. Isitoshe, huku kwenye chai neno "mashine" si jepesi. Mei 2023 mashine za kuchuma majani chai ziliteketezwa Kericho na watu waliosema zimewapokonya kazi. Ukisema "mashine" kwenye kituo cha kupimia majani, hakuna atakayefikiria soda.