Kazi Moja, Mishahara Miwili: Somo la Desemba 1941



Kijana wa Kolwezi anapopata kazi mgodini, nyumbani humwuliza kwanza: utalipwa ngapi? Swali la pili huulizwa kwa sauti ya chini: na yule mgeni atakayefanya kazi hiyohiyo pamoja nawe, yeye analipwa ngapi? Swali hilo si jipya katika nchi yetu ya shaba. Mwaka 1941 watu waliuawa kwa sababu ya kuliuliza.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Ilikuwa na ngazi mbili za mishahara, moja ya Wazungu na nyingine ya Weusi. Posho ya chakula na nyumba ya kambi vilihesabiwa kuwa sehemu ya malipo ya mfanyakazi Mweusi, na fedha zilizofika mkononi mwake zilikuwa chache. Vita ya pili ya dunia ilipowaka, shaba ya Katanga ilihitajiwa sana. Kazi ikaongezeka, na bei za vitu zikapanda.

Mwezi wa Oktoba 1941 wafanyakazi Wazungu waligoma, wakapata nyongeza. Weusi waliyaona hayo. Mapema Desemba, wafanyakazi wa Jadotville, yaani Likasi ya leo, waliacha kazi, na mgomo ukaenea hadi Élisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi. Hawakuwa na chama cha kuwasemea, kwa kuwa koloni iliruhusu vyama vya wafanyakazi Weusi mwaka 1946 tu. Mmoja wa waliowasemea alikuwa Léonard Mpoyi, karani.

Tarehe 9 Desemba wagomaji walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alifika pamoja na askari. Wafanyakazi walikataa kurudi kazini bila nyongeza, na risasi zikapigwa. Mpoyi alikufa siku hiyo pamoja na wenzake wengi. Taarifa za serikali zilitaja makumi ya wafu. Kumbukumbu za watu hutaja zaidi ya mia moja. Miaka ya 1970 mchoraji wetu wa Katanga, Tshibumba Kanda Matulu, alilichora tukio hilo, ili watoto walione kwa macho jambo ambalo shuleni halikufundishwa.

Sisi tunaofundisha dini na kuwaandaa walimu hatuwezi kusimulia haya kama watu waliokuwa mbali. Shule za kambi ziliendeshwa na wamisionari kwa mapatano na kampuni. Mwaka huohuo wa 1941, waraka Rerum Novarum wa Papa Leo XIII, unaofundisha kwamba mfanyakazi ana haki ya ujira wa kumtosha kuishi, ulitimiza miaka 50. Mafundisho yalikuwapo vitabuni. Ujira wa haki haukufika kambini. Tena, tunapomfundisha mtu kuhesabu, tusistaajabu siku atakapolinganisha mshahara wake na wa jirani yake.

Leo sheria iko upande wa mfanyakazi. Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002, katika kifungu cha 86, inaagiza kwamba watu wenye kazi, ujuzi na tija sawa walipwe sawa, bila kujali asili yao, jinsia yao wala umri wao. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 36, inataja malipo ya haki. Lakini sheria isiyojulikana na anayelindwa nayo ni kama taa iliyofunikwa kwa pishi. Mpoyi na wenzake walidai haki bila kifungu cha kushika mkononi. Sisi tunavyo vifungu, je, tunavisoma?

Tusiwageuze wafu hao kuwa sababu ya kumchukia mgeni. Hawakuomba Mzungu apunguziwe. Waliomba kazi yao ihesabiwe kuwa kazi. Anayewakumbuka vema husoma mkataba kabla ya kuutia sahihi, humsaidia mwenzake asiyejua kusoma, na akiwa kapita halipi watu kwa kutazama kabila wala rangi.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Je, katika parokia yetu, wapishi, walinzi na walimu tunaowaajiri wanapata ujira wa haki? Tuanzie hapo, kabla ya kunyoosha kidole kuelekea mgodini.