Sisi Walutheri na Rozari ya Oktoba

Hapa Isansa, Oktoba inapofika, majirani zetu Wakatoliki husali Rozari nyumba kwa nyumba katika jumuiya ndogondogo. Sisi Walutheri huwasikia jioni. Rozari ikianza msibani, baadhi yetu hutoka nje. Twasema si yetu.

Je, historia yasemaje? Papa Leo wa 13 ndiye aliyeutenga mwezi wa Oktoba kwa ajili ya Rozari, mwaka 1883. Sikukuu ya tarehe 7 yatokana na vita vya baharini vya Lepanto, 1571. Luther alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1546. Hayo hayatuhusu sana.

Salamu Maria ni jambo jingine. Sehemu yake ya kwanza ni maneno ya malaika na ya Elisabeti (Luka 1:28, 42). Luther mwenyewe aliifafanua katika kitabu chake cha sala cha mwaka 1522, akionya watu wasimtegemee Maria badala ya Mungu. Ombi la mwisho, la kumsihi atuombee, liliwekwa rasmi katika kitabu cha sala cha Roma mwaka 1568. Hapo ndipo tunapoachana, kwa kuwa mpatanishi ni mmoja (1 Timotheo 2:5). Na katika yale matendo 15 ya zamani, 13 yamo katika Maandiko. Tulikuwa tukiyakimbia hayo pia!

Katika msiba wa karibuni hatukutoka. Walipofika kwenye ombi lile tulinyamaza. Baba Yetu tukaisali pamoja nao.