Sauti Katika Sahani

Historia ya sauti ina jambo moja ambalo wanafunzi aghalabu hawaambiwi: kila chombo kilichobuniwa kuhifadhi sauti kilidai malipo yake. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walivuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay, wakaimbe kwa ajili ya kampuni ya santuri ya His Master's Voice. Santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua dakika tatu au nne tu. Taarabu ni muziki usiopenda haraka. Beti hurudiwa, wasikilizaji hutuza, mwimbaji hupumua. Mengi ya hayo yalibaki nje. Tulichorithi ni sauti ya Siti kwa kipimo cha sahani.

Mimi sikuanza kulifikiri jambo hili maktabani, bali nyumbani Kangundo, katika vilima vya kahawa vya Machakos, mwaka 2009 nilipokuwa kidato cha pili. Ilikuwa siku ya ntheo ya binamu yangu, yaani ile sherehe ya mbuzi ambayo kwa desturi ya Wakamba huithibitisha ndoa. Mjomba wangu alikuwa na kamera ya kanda za MiniDV, akanasa sherehe yote katika kanda tatu za saa moja moja. Nyanya, ambaye alikuwa amepita umri wa miaka 80, alisimama akataja nasaba ya ukoo wetu jina kwa jina. Hakuna aliyepata kuyaandika majina hayo. Alipokaa, ngoma zikaanza.

Jamaa wakataka sahani za DVD, maana ndizo zilizochezwa majumbani wakati ule. Hapo mjomba akakutana na swali ambalo hakulitazamia: programu ya kutengenezea sahani ilimtaka achague sauti itiwe kwa namna gani.

Swali hilo lilikuwa na historia yake. Makampuni makubwa yalikubaliana juu ya DVD mwaka 1995, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa Japani. Namna ya kwanza ya kutia sauti iliitwa PCM, nayo huandika sauti yote bila kuibana. Namna nyingine, kama vile MPEG na Dolby Digital, huibana kwa kuacha yale ambayo sikio la binadamu halitarajiwi kuyatambua. Mpango wa kwanza uliziwekea nchi zenye televisheni ya mistari 625, Kenya ikiwamo, PCM na MPEG. Marekani na Japani zikawekewa PCM na Dolby Digital. Mwishoni mwa mwaka 1997 Dolby Digital ikakubaliwa na huku kwetu pia. Kwa hiyo sahani yenye sauti ya MPEG peke yake, ikipelekwa kwa ndugu aliyeko Marekani, iliweza kuwa bubu, hata kama mashine yake ingekubali kuonyesha picha ya mfumo wetu.

Mjomba alichagua PCM, kwa kuwa hakutaka kupoteza hata chembe ya sauti ya mama yake. Nia ilikuwa njema, hesabu ilimkataa. Tuifanye hesabu hiyo. PCM ya kawaida ya DVD huipima sauti mara 48,000 kila sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 16, kwa njia mbili, kushoto na kulia. Zidisha, utapata biti 1,536,000 kwa sekunde. Dolby Digital ya njia mbili huweza kutosheka na 192,000, yaani sehemu moja ya nane. Sahani ya kawaida ina nafasi ya gigabaiti 4.7. Ukiigawanya kwa saa tatu, kila sekunde hupata biti kama milioni tatu na nusu, za picha na sauti pamoja. PCM ikishachukua fungu lake, picha husalia na chini ya milioni mbili, nazo ni chache mno. Ndivyo ilivyotokea. Kila watu walipocheza, nyuso zao zilivunjika vipande vya mraba kama sakafu ya vigae. Shangazi aliuliza kama kamera ilikuwa imeloa.

Mara ya pili mjomba alichagua Dolby Digital. Nyuso zikarudi, lakini sauti ikawa si ile. Programu ilikuwa imedhani kwamba hii ni sinema. Dolby huandika katika sahani namba ya kiasi cha mazungumzo: ikiwekwa 27, mashine hushusha sauti yote kwa desibeli 4, ikiwekwa 31 haishushi kitu. Tena ipo amri nyingine ya kuzipandisha sauti ndogo na kuzishusha kubwa, ili mtazamaji wa usiku asiwaamshe jirani. Hakuna aliyetuuliza habari za jirani. Ngoma iliyotutetemesha vifua uani ilitoka sahanini imenyenyekea, haizidi maneno ya mtu mmoja, na kuku wa nyuma ya nyumba walisikika kana kwamba wamealikwa.

Hatimaye alitengeneza sahani mbili. Ya kwanza ilikuwa na sherehe nzima kwa Dolby Digital, namba ikiwa 31 na ile amri ya pili imeondolewa. Ya pili ilikuwa na dakika 40 za Nyanya peke yake kwa PCM, na nafasi ikabaki. Kanda zenyewe hakuzifuta. Alizifunga katika karatasi akaziweka sandukuni.

Nyanya alifariki mwaka 2014. Wazee waliketi kuyaandika majina, wakashindana juu ya moja. Kikamba kina irabu saba, na mbili kati yake hukaribiana sana masikioni. Ukibadili moja umemtaja mtu mwingine. Sisemi kwamba Dolby ingeliharibu jina lile. Pengine lingesikika vilevile. Lakini wazee walitaka sahani ambayo hakuna mtu wala mashine iliyopunguza kitu ndani yake. Tuliirudisha nyuma mara tatu. Nyanya alikohoa, akavuta pumzi, akataja. Mara ya tatu mjomba aliinua mkono tunyamaze, akachukua kalamu, akaandika.