Vishimo vya mashavuni kwa njia ya upasuaji: mambo ya kujua na kupima mbele ya kuamua



Swali hili linatufikia sisi wachungaji katika mafundisho ya vijana na ya wachumba: je, Mkristo anaweza kwenda kwa daktari ili atengenezewe vishimo vya mashavuni? Wanaouliza ni wasichana hasa, lakini wavulana pia wamo. Wengine wamekwisha kuulizia bei Kigali, Kampala au Nairobi. Wengine hawana pesa ya safari, na wameambiwa kwamba kuna mtu katika mtaa anayeweza kuwatoboa kwa bei ndogo. Tumeona vema tukusanye mahali pamoja yale yanayojulikana juu ya jambo hili, upande wa mwili na upande wa imani, ili kila jamaa iweze kulizungumza bila haraka na bila matusi.

Vishimo hivi ni nini?

Uso wa mtu una misuli mingi midogo. Mmoja wao unatoka kwenye mfupa wa shavu na kushuka mpaka kwenye pembe ya mdomo; ndio unaoinua mdomo tunapocheka. Kwa watu wengi msuli huo ni kipande kimoja. Kwa wengine umegawanyika sehemu mbili, na ngozi ya shavu imeshikamana na nyama iliyo chini yake mahali pale penye mgawanyiko. Mtu huyo anapocheka, msuli unavuta ngozi kwa ndani, na kishimo kinaonekana.

Kwa hiyo kishimo si ugonjwa wala si alama ya afya nzuri kuliko ya wengine. Ni namna tu mwili ulivyojengwa. Mara nyingi jambo hili linaonekana katika jamaa moja, kutoka kwa wazazi mpaka kwa watoto, ingawa halifuati kanuni nyepesi: wazazi wenye vishimo wanaweza kuzaa mtoto asiye navyo. Watoto wengine wachanga wanavyo kwa sababu ya mafuta ya mashavu, kisha vinapotea wanapokua. Wengine wanacho upande mmoja tu.

Tukumbuke pia kwamba uzuri unapimwa tofauti kila mahali. Kwetu, mwanya katikati ya meno ya mbele ni uzuri unaosifiwa; kule Ulaya na Marekani wazazi wengi wanalipa daktari wa meno ili auzibe. Kinachotamaniwa mahali pamoja kinafichwa mahali pengine.

Tamaa hii si ya leo

Watu wasidhani kwamba simu ndizo zilizozaa tamaa hii. Katika mwaka 1896, Martin Goetze wa Berlin alipata hati ya Marekani kwa kifaa alichobuni cha kutengeneza vishimo mwilini. Katika miaka ya 1930 kulikuwa na mashine ya waya iliyovaliwa usoni na kukandamiza mashavu. Kukandamiza hakubadilishi msuli, basi vifaa hivyo havikuleta kishimo cha kudumu. Upasuaji wenyewe ulielezwa vizuri na daktari Khoo Boo-Chai wa Singapore katika mwaka 1962, na mahali alipopendekeza kuweka kishimo panatumika na madaktari hata leo: ni pale ambapo mstari unaoshuka kutoka pembe ya nje ya jicho unakutana na mstari unaotoka pembe ya mdomo.

Simu zimeongeza jambo moja. Kijana anaweza sasa kujiona kila siku katika picha iliyobadilishwa, akiwa na mashavu, pua na ngozi asizokuwa nazo. Akirudi kwenye kioo, anaona kana kwamba amenyang'anywa kitu, kumbe hakuna aliyemnyang'anya.

Upasuaji unafanywaje?

Kwa kawaida mtu halazwi usingizi. Daktari anaweka alama mahali pa kishimo, anachoma sindano ya ganzi, kisha anaingia kwa ndani ya kinywa. Anaondoa kipande kidogo cha ngozi laini ya ndani ya shavu na nyama kidogo ya msuli. Halafu anapitisha uzi unaoshika ngozi ya nje kwa upande wake wa ndani na kuifunga na msuli. Hapo ngozi inavutwa ndani. Kazi hii mara nyingi haifiki saa moja, na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni hili: siku za kwanza kishimo kinaonekana wakati wote, hata mtu akiwa kimya au analia msibani. Kunapita majuma kadhaa, pengine miezi miwili au zaidi, mbele kishimo kianze kuonekana wakati wa kucheka tu. Katika siku za kwanza shavu linavimba, na mgonjwa anakula vyakula laini na kusafisha kinywa mara kwa mara ili kidonda kisiingiwe na vijidudu.

Hatari zake

Mikononi mwa daktari aliyejifunza kazi hii, taabu kubwa si nyingi. Lakini zipo, na mtu azijue mbele ya kulipa:

Kwanza, kutoka damu, damu kuganda ndani ya shavu, na usaha. Kinywa kina vijidudu vingi, na kidonda kiko humo humo.

Pili, vishimo visivyolingana, kimoja juu na kingine chini, au kimoja kirefu na kingine kidogo.

Tatu, kishimo kupotea baada ya miezi, au kinyume chake, kubaki hata uso ukiwa umetulia.

Nne, kuumiza mishipa ya fahamu inayoendesha mdomo. Matawi yake yanapita katika shavu. Yakiumia, mdomo unaweza kuvutwa upande, na yule aliyetafuta kicheko kizuri akapoteza kicheko alichokuwa nacho.

Tano, kuumiza mfereji wa mate, ambao unapita katika shavu na kufunguka mkabala na gego la pili la juu.

Tena kufuta kazi hii si rahisi. Uzi unaweza kuondolewa, lakini kovu lililoshika ndani haliondoki kwa kutaka tu. Asiyekuwa tayari kukaa na kishimo hicho akiwa mzee wa miaka 60 afadhali asianze.

Kutobolewa mtaani

Hapa tunasema kwa nguvu. Kutoboa shavu kwa sindano au kipini ili kovu liache kishimo ni hatari kuliko upasuaji wenyewe. Anayetoboa hajui mishipa ya fahamu wala mfereji wa mate viko wapi. Tundu linapita kutoka ngozi ya nje mpaka ndani ya kinywa, na vijidudu vya kinywa vinapata njia. Vyombo visivyochemshwa vinaweza kupitisha ukimwi na homa ya ini kutoka mtu mmoja hata mwingine. Na ngozi yetu sisi Waafrika, kuliko ngozi nyeupe, ina tabia ya kuota makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe. Mtu anaweza kutafuta kishimo akapata kinundu. Wazazi, tafadhali, zungumzeni jambo hili nyumbani mbele mtoto hajaenda kwa siri.

Biblia inatufundisha nini?

Hakuna mstari unaotaja upasuaji wa namna hii. Wengine wanachukua Mambo ya Walawi 19:28, juu ya kujichanja, na kulifunga neno hapo. Lakini mstari ule unasema juu ya kujikata kwa ajili ya wafu, desturi ya ibada za mataifa jirani na Israeli. Si haki kuutumia kama nyundo juu ya kichwa cha msichana anayeuliza.

Wengine wanataja 1 Petro 3:3-4. Mtume pale anasema habari za nywele, dhahabu na mavazi; na kwa kuwa hakuna anayefikiri kwamba alikataza mavazi, tunaelewa kwamba anaonyesha mahali pa kuweka uzito: uzuri wa moyo mtulivu unadumu, ule wa nje unapita. Katika 1 Samweli 16 Mungu anamfundisha Samweli asichague mfalme kwa kutazama sura na kimo. Hata hivyo sura ile ile haifichi kwamba Daudi alikuwa mzuri wa uso. Maandiko hayadharau uzuri. Yanakataa tu uzuri uwe mfalme. Absalomu, katika 2 Samweli 14:25, hakuwa na kasoro tangu kichwa mpaka mguu, na tunajua alivyomaliza.

Zaidi ya hayo, Isaya 53 inamwonyesha Mtumishi wa Bwana kama asiye na uzuri wa kuwavuta watu. Kanisa linaloungama kwamba liliokolewa na huyo haliwezi kumwambia binti yake kwamba thamani yake iko shavuni.

Katika 1 Wakorintho 6 mtume anatupa vipimo vizuri: jambo linaweza kuwa halali lakini lisifae, linaweza kuwa halali lakini likatutawala, na mwili ni hekalu la Roho, tulilokabidhiwa. Kwa hiyo hatusemi kwamba anayefanya upasuaji huu ametoka katika neema. Tunasema kwamba atajibu mbele za Bwana kwa sababu yake, kwa pesa yake na kwa mwili wake.

Tutofautishe pia

Kuna upasuaji unaorudisha kile kilichoharibika: mdomo uliopasuka tangu kuzaliwa, kovu la moto, uso uliovunjwa na risasi. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege katika mwaka 1999 chini ya jumuiya ya CEPAC, inajulikana duniani kote kwa kutengeneza miili ya akina mama iliyoharibiwa kwa ubakaji. Kazi hiyo ni huruma ya Kristo kwa mikono ya daktari, na asiwepo mtu wa kuwatia aibu wanaoihitaji. Upasuaji wa vishimo ni jambo jingine: unakata mwili wenye afya. Kwa hiyo sababu yake ipimwe kwa mizani kali zaidi.

Maswali ya kujiuliza

Nani anataka kishimo hiki? Kama ni mchumba wako, basi umwulize kwa upole atataka nini mwaka ujao. Anayekuoa kwa sharti la shavu hajakuoa bado.

Ninatazamia kitabadilisha nini? Kishimo kinaweza kubadilisha kicheko. Hakileti ndoa, hakitulizi mama mkwe, hakiponyi maneno ya dharau uliyoambiwa utotoni.

Je, ninafikiri juu ya uso wangu saa nyingi kila siku, najificha, nakataa kupigwa picha, nakwepa ibada? Kuna ugonjwa wa fikira unaomfanya mtu ateswe na kasoro ndogo au isiyoonekana na wengine. Madaktari wanajua kwamba upasuaji mara nyingi haumponyi mtu huyo. Anahamisha tu mateso kwenye kiungo kingine. Anahitaji mshauri na maombi, si kisu.

Pesa hii ingefanya nini? Ukijumlisha daktari, safari na mahali pa kulala, ni mamia ya dola, mahali pengine maelfu. Katika miaka hii ya vita, wakati jamaa zilizokimbia zinalala katika madarasa na makanisa yetu, swali hilo si la wivu. Na mtu asikope kwa ajili ya uso.

Nina miaka mingapi? Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila ambaye hajatimiza miaka 18. Uso wake ungali unabadilika na fikira zake pia. Mzazi asimpeleke, hata akilia.

Maswali ya kumwuliza daktari

Je, umeandikwa katika Chama cha Waganga cha nchi hii? Umefanya upasuaji huu mara ngapi, na ninaweza kuona matokeo baada ya mwaka mmoja, si baada ya juma moja? Mambo yakiharibika usiku, nani atanipokea, na nani atalipa? Kama mimi ninakaa Uvira au Beni na wewe uko nchi nyingine, nani atatazama kidonda changu wakati mpaka umefungwa? Mweleze pia magonjwa yako na dawa unazokunywa, hasa zile zinazozuia damu kuganda. Daktari anayekasirikia maswali haya, mwache.

Shauri letu

Kwa anayeuliza leo, shauri letu ni kungoja mwaka mmoja. Katika mwaka huo punguza picha zilizobadilishwa, zungumza na mtu mzima unayemwamini, na uandike sababu yako kwenye karatasi. Walio wengi, wakiisoma tena, watakuta imekwisha kupungua. Anayekuta ingali ile ile, na ana umri, na ana pesa isiyo ya masomo ya wadogo zake, aende kwa daktari wa kweli, na sisi tutaendelea kumwita dada au ndugu.

Kwa waliokwisha kufanya: hamdaiwi maelezo na mtu yeyote mlangoni pa kanisa. Kama kuna maumivu, usaha au mdomo unaovutwa, enda hospitali upesi, usizuiwe na aibu.

Na kwa makutaniko: mara nyingi dharau juu ya pua, rangi na mashavu inaanzia katika mizaha yetu wenyewe, nyumbani, katika kwaya, hata mimbarani. Tukiacha mizaha hiyo, vijana wengine hawatakuwa na sababu ya kuuliza bei.

Bwana awabariki na kuwalinda.