Macrina Mkubwa: Bibi Katika Historia ya Huduma ya Kanisa

Historia ya Kanisa katika karne ya nne husomwa kwa kawaida kupitia mitaguso na maaskofu. Mwanafunzi wa theolojia hujifunza juu ya Nikea (325) na Konstantinopoli (381), na jinsi Basil wa Kaisaria na mdogo wake, Gregory wa Nyssa, walivyotetea fundisho la Utatu Mtakatifu. Ni mara chache anapoulizwa watu hao waliipokea wapi imani yao. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba jibu la Basil mwenyewe linatupeleka kwa bibi yake mzaa baba, Macrina, na kwamba huduma ya jamaa ile kwa maskini haieleweki vema pasipo yeye.

Macrina, aitwaye Mkubwa ili kumtofautisha na mjukuu wake mwenye jina lilo hilo, aliishi Neocaesarea katika Ponto, mji ambao leo huitwa Niksar, nchini Uturuki. Hapo ndipo Askofu Gregory, aliyeitwa Mtenda Miujiza, alipohubiri hadi kufariki kwake yapata mwaka 270. Macrina aliyashika mafundisho ya askofu huyo kama yalivyohifadhiwa na waumini wa mji ule. Katika dhuluma iliyoanza mwaka 303 chini ya Diocletian na kuendelezwa na Maximinus, yeye na mumewe walikimbilia misitu ya milima ya Ponto. Gregory wa Nazianzus asimulia kwamba walikaa huko yapata miaka saba, wakipigwa na mvua na baridi, na kula nyama za mwituni. Mali yao ilinyang'anywa kwa sababu walimkiri Kristo.

Amani iliporudi, Macrina aliishi kuwaona wajukuu. Mwanawe, Basil Mkubwa, alikuwa mwalimu wa ufasaha wa lugha, naye alimwoa Emmelia. Kati ya watoto wao wengi, watatu walikuwa maaskofu: Basil, Gregory na Petro wa Sebaste. Basil, aliyezaliwa yapata mwaka 330, alisoma Kaisaria, Konstantinopoli na Athene. Hata hivyo, mnamo mwaka 375, aliposhtakiwa kwamba imani yake imepotoka, hakutafuta kinga katika elimu hiyo. Aliwaandikia watu wa Neocaesarea kuwakumbusha kwamba alilelewa na Macrina, aliyemfundisha maneno ya Gregory angali mtoto mdogo. Katika waraka mwingine alieleza kwamba ujuzi wa Mungu alioupokea kwa mama yake na bibi yake ulikua ndani yake, wala hakuubadilisha. Hivyo, askofu aliyekuwa akihojiwa juu ya mafundisho yake alimleta bibi yake kuwa shahidi. Jambo hilo lapatana na Waraka wa Pili kwa Timotheo, unaomtaja Loisi kabla ya Eunike (2 Tim. 1:5).

Urithi huo haukuwa wa maneno tu. Njaa kuu ilipoipata Kapadokia yapata mwaka 369, Basil alihubiri hata matajiri wakafungua ghala zao, naye mwenyewe akawagawia wenye njaa chakula. Dada yake, Macrina Mdogo, aliwaokota waliotupwa njiani, akawalea kama mama. Baada ya kuwa askofu mwaka 370, Basil alijenga nje ya Kaisaria makao ya wagonjwa, maskini na wasafiri, na wenye ukoma walipokelewa humo. Gregory wa Nyssa aeleza kwamba dada yao, alipokuwa karibu kufa mwaka 379, bado alisimulia jinsi babu na bibi walivyonyang'anywa mali yao kwa ajili ya Kristo. Kumbukumbu hiyo, basi, ilitunzwa nyumbani kwa vizazi vitatu. Tunaona kuwa si ajabu jamaa iliyokua kwa kusikia habari hiyo kuhesabu mali yake kuwa amana kwa ajili ya wahitaji.

Macrina hakuacha andiko lolote, na jina la mumewe limepotea. Tunamjua kwa sababu wajukuu wake waliandika. Hapo ndipo historia yake inapotugusa sisi watumishi wa leo. Mara nyingi historia za sharika zetu hutaja wamisionari, wainjilisti, wachungaji, na mwaka ambao jengo la kanisa liliwekwa wakfu. Akina mama waliobeba mawe na maji ya kujengea, waliowauguza majirani na kuwafundisha watoto sala ya Bwana, hutajwa kwa neno moja tu: "wanawake". Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, bibi wengi wamelazimika kuwa mama kwa mara ya pili, wakilea yatima bila mshahara. Hiyo nayo ni diakonia, na ni sehemu ya historia ya Kanisa.

Kwa hiyo tunawasihi wanafunzi wanaokwenda sharikani kwa mazoezi, na wachungaji walioko kazini, wawaendee wazee hao wangali hai. Waulizeni walibatizwa na nani, walifundishwa nini, waliwalea akina nani. Andikeni majina na miaka, kisha nakala iwekwe katika ofisi ya usharika. Asiyeandikwa na wajukuu wake, ni nani atakayemwandika?